Picha ya Nne

Mezani palikuwa na saa, kalamu tatu,
na mwanamke mwenye sauti laini kama pamba ya zahanati.
Mdogo wangu Koloman alikuwa na miaka sita,
miguu yake haijafika sakafuni.
Mimi nilikuwa na kumi. Nilikuja badala ya mama,
aliyekuwa akifagia stesheni zamu ya asubuhi.
Nikaambiwa nikae mlangoni, nisifasiri.

Picha ya kwanza, mbwa. Akasema: džukel.
Ni neno zima, halina ufa,
mbwa wote wa mtaa wetu huliitikia.
Lakini mtihani ulikuwa wa Kislovakia.
Sifuri.

Ya pili, limau.
Akasema: yai. Akafikiri. Yai gonjwa.
Sifuri.

Ya tatu, mwavuli. Huu aliujua kwa lugha zote mbili,
lakini saa ilikuwa imeshalia.

Ya nne, bomba ukutani, maji yanatiririka.
"Haya maji hutoka wapi?"
Koloman aliitazama picha muda mrefu,
kama mtu anayetafuta ndugu yake ndani yake.
Kisha akanigeukia, akanionyesha kwa kidole:
"Ng'ambo ya reli. Huyu ndiye huyabeba."

Sifuri.

Hakuna aliyemuuliza habari za shaba.
Angewaambia jinsi ya kuukwaruza waya juu ya jiwe
ukajua ni shaba au ni bati lenye majivuno.
Alijua kwamba mizani ya mzee Vincko, mnunua vyuma,
huiba gramu mia mbili kila kilo,
naye alikuwa akitoa na kujumlisha kwa vidole
ndani ya mfuko wa suruali, Vincko asimwone.

Dakika ishirini na mbili.
Muhuri ukagonga, kijiko kikaruka kwenye kikombe cha kahawa,
na Koloman akawa mzito wa akili, kwa maandishi.

Mama alitia sahihi jioni, herufi tano,
zote anazozijua.
Walimwambia darasa lile lina watoto wachache,
uji wa bure,
na viatu mwezi wa Desemba.

Shule ni moja, lango ni moja, la kijani.
Ukiingia, watoto weupe hupanda ngazi,
sisi Waroma huzunguka uani
hadi jengo lililokuwa ghala la makaa.
Huko, akiwa na miaka kumi na mmoja,
mdogo wangu alikuwa bado anapaka tufaha rangi.
Nyekundu, mwalimu alisema. Usivuke mstari.

Nasikia kuna watu, pwani ya mbali,
wasemao elimu ni bahari.
Nchi yetu haina bahari.
Ina mito, na kila mto una kingo mbili,
na Koloman alipewa daraja la kukaa,
si la kuvukia.

Sasa yuko Ostrava, anachimba mitaro ya mabomba.
Hana cheti, kwa hiyo hulipwa nusu.
Kila Jumapili hunipigia simu, hutania:
"Žaneta, yale maji ya kwenye picha,
yalikuwa ya moto au ya baridi?"
Nami hucheka. Nikikata simu sicheki.

Nimeajiriwa kuwa msaidizi wa mwalimu.
Chumba ni kile kile. Saa ni nyingine.
Picha zimechapwa upya, karatasi inang'aa,
na mwanamke mpya naye ana sauti laini.
Nimekaa mlangoni, kwenye kiti kile,
maana masharti ya kazi hayajabadilika.

Leo ni zamu ya Rebeka, mjukuu wa Vincko.
Miguu yake haijafika sakafuni.
Picha ya kwanza.
"Džukel," anasema, kisha ananitazama mimi.

Nasimama.
Nasema, kwa Kislovakia, kwa sauti ya kusikika uani:
mbwa. Amesema mbwa. Amepata.

Mwanamke ameinua kalamu.
Bado haijashuka.